Nilimwambia Mwanangu Afeli

Naikumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tisa, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimepiga magoti mlangoni, namfunga binti yangu Zaituni vifungo vya shati la shule. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na siku hiyo alikuwa anakwenda kufanya mtihani wa darasa la saba. Uji alikuwa ameshakunywa. Mkononi alishika penseli mbili alizozichonga mwenyewe kwa wembe. Hapo nikamwambia maneno ambayo leo nitakusimulia, ingawa ulimi wangu haupendi kuyarudia.

Sikuja kukusema vibaya, usinune. Lakini juzi pale kwenye chanja za dagaa nilikusikia ukimwambia mwenzako kwamba binti yako akifaulu itakuwa balaa, heri asifaulu. Mkacheka. Mimi nilijifanya nageuza dagaa wangu, kumbe nasikiliza kila neno. Wewe umeletwa hapa na ndoa kutoka Mwamgongo, huyajui ya nyuma. Zaituni unayemjua wewe ni huyu anayeanika dagaa chanja ya pili kutoka yako, mpole, hana neno na mtu. Mimi nilimjua kabla hajawa mpole.

Wakati ule tulikaa hapahapa, upande huu wa Malagarasi. Shule ya msingi ilikuwa karibu, lakini sekondari ilikuwa ng'ambo ya mto, na ukishavuka unatembea mpaka jua linakaa utosini. Bweni halikuwapo. Wasichana walipanga vyumba kule, wawili wawili, watatu watatu, wanajipikia, hakuna mtu mzima wa kuwauliza umetoka wapi. Walimu wachache, wa hesabu leo yupo kesho kahamishwa. Na mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba anaingia kidato cha kwanza anakuta kila kitu ni Kiingereza, anabaki anatoa macho. Binti wa jirani yangu alivuka na sanduku lake la bati, akarudi na mimba kabla mwaka haujaisha. Siku zile ukishapata mimba, shule ndiyo kwaheri. Akawa anashinda uani kwa mama yake akimenya muhogo, kichwa hakiinui. Nilimwona kila siku. Nikaapa wa kwangu hatauvuka mto ule.

Usidhani nilikuwa nazusha. Kila nililolisema juu ya shule zetu za serikali lilikuwa kweli, na mengine ni kweli mpaka leo. Ila mdomo wangu ulikuwa mrefu mahali pasipohitajika. Mwaloni, pale ufukweni tunapoanika na kuuza dagaa, nilikuwa hodari. Nawasema walimu, naisema serikali, namsema mwenyekiti wa kijiji mpaka wanawake wanashika mbavu. Kikao cha wazazi kikiitwa, nina udhuru. Dagaa hawajakauka. Mguu unauma. Eti mguu! Mguu huohuo nikienda ngomani hauumi.

Baba yake Zaituni alikuwa upande wa Kongo kwa uvuvi, nyumba ameniachia mimi. Kwa hiyo hili ni langu peke yangu, sitamsingizia marehemu.

Basi asubuhi ile nikamwambia, "Zaituni, leo ukiliona jibu la kweli, liache. Tia alama kwenye herufi nyingine."

Akaniangalia. "Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu mimi ni mama yako na nimesema."

"Maswali yote?"

"Yote."

Akauliza polepole, "Hata hesabu?"

Hesabu ndiyo ilikuwa roho yake. Mapumziko, wenzake wakiruka kamba, yeye alikuwa amekaa ukutani anawaelekeza walioshindwa. Mimi mama yake nilijua hilo, nikaendelea kufunga kifungo cha juu.

"Hata hesabu," nikasema.

Wahenga wametuachia neno, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa, tumelipokea. Lakini hawakutuambia mkuu mwenyewe akisema upuuzi inakuwaje. Mwanangu alinisikia, na ndiye aliyevunjika.

Mtihani ulichukua siku mbili. Siku ya pili alirudi, akavua sare, akaikunja vizuri, akaja kunisaidia kuanua dagaa. Nikamuuliza kama amefanya nilivyomwagiza. Akasema amefanya. Siku hiyo nilimpikia samaki wa mgebuka kwa mawese, chakula alichokipenda kupita vyote. Akala tonge mbili tatu, akasema ameshiba.

Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa ukutani shuleni, lake halikuwamo. Waliokuwa wakielekezwa naye mapumziko walikuwamo. Haikupita siku tatu, nikamwona mwalimu wake wa hesabu, Mwalimu Bukuru, anakuja na baiskeli yake. Alikuwa mtu mzima, karibu kustaafu, na siku zote alinisalimia kwa Kiswahili chake cha shule. Siku hiyo alianza na Kiha, "Mwakeye, Mama Zaituni," na hapohapo nikajua amekuja kama mzazi. Nikamwamkia, nikampa kigoda.

"Mtoto huyu amekuwa wa kwanza tangu darasa la tatu," akasema. "Leo kila somo amepata alama ya mwisho kabisa. Kila somo! Nimefundisha miaka mingi, mama. Hili halikuja lenyewe, kuna mtu kalifanya."

"Alikuwa anaumwa," nikajibu haraka.

Kumbe Zaituni alikuwa nyuma ya mlango. Akatoka, akampa mwalimu shikamoo, akasema, "Kweli, mwalimu. Kichwa kiliniuma siku zote mbili."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtoto niliyemharibia alikuwa ananisitiri.

Mwalimu Bukuru akamtuma maji ya kunywa. Alipotoka, mzee yule akaniinamia, wala hakupaza sauti.

"Unachokiogopa nakijua," akaniambia. "Hata mimi nakiogopa, nina mabinti. Mwezi wa nne niliitisha kikao tuzungumze habari ya bweni. Walikuja wazazi sita. Wewe ulikuwa wapi?"

Ningemwambia nini, mguu?

"Ubovu wa shule tuletee sisi," akaendelea. "Njoo usimame mbele ya watu uniambie, Bukuru, hapa hufundishi. Nitaumia, lakini nitakusikia. Ukimtwisha mtoto, atautwaa kimya kimya, na sisi wakubwa tutaendelea kulala."

Zaituni alileta maji. Mwalimu akanywa yote, akamshukuru kama anavyoshukuriwa mtu mzima. Juma lililofuata akaenda Kigoma mjini kumwombea mtoto arudie mtihani. Wakamwambia aliyekosa amekosa. Akaenda tena mara ya pili, jibu likawa lilelile. Alikuja mwenyewe kuniambia, akiwa amesimama na baiskeli yake, akakataa hata kukaa. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, hata umtume nani akayazoe.

Mwaka ule Zaituni alianza kushinda nami mwaloni. Mtoto wa shangazi yake aliiomba ile sare, Zaituni akampa bila maneno.

Sasa, wale wazazi sita. Watu wale hawakuchoka. Kila kikao walikuja, kila mwaka walilisema lilelile, mpaka waliokuwa wakiwacheka wakaanza kukaa nao. Nami nikaenda. Nilichelewa, lakini nilikwenda, na nikawa msumbufu kweli, muulize mwenyekiti. Miaka minne baadaye ujenzi wa bweni ukaanza kule ng'ambo. Wanaume walifyatua matofali, wanawake tulibeba mchanga na maji. Zaituni alikuwa na miaka kumi na saba. Tulivuka pamoja, yeye na ndoo yake, akawa anachota maji ya kujengea bweni ambamo yeye hatalala hata siku moja.

Siku moja fundi na mwenyekiti walibishana. Huyu anasema matofali ya ukuta wa mbele yanatosha, huyu anasema hayatoshi, na kila mmoja ameshaanza kutaja ukoo wa mwenzake. Zaituni akatua ndoo. Akaokota kijiti, akachora ukuta kwenye udongo, akautoa mlango, akayatoa madirisha, akawaambia yanapungua mangapi. Fundi akachomoa kalamu yake sikioni akapiga hesabu upya juu ya ubao. Ikatoka ileile.

"Duh! Dada wewe!" fundi akasema, anacheka kwa furaha. "Uko kidato cha ngapi?"

"Mimi nilifeli la saba," Zaituni akajibu.

Watu wote wakaangua kicheko, wakidhani anatania. Naye akacheka nao. Kisha akabeba ndoo yake akarudi mtoni.

Nikamfuata. Tangu jioni ile ya mgebuka, mimi na yeye hatukuwahi kulizungumza jambo lile hata mara moja. Nilimkuta ameinama anachota. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe." Nilitegemea alie, au anitukane, au asinijibu kabisa. Lolote kati ya hayo ningelibeba.

"Mama, unajua kukosa yote ni kazi?" akaniuliza, sauti yake ya kawaida tu. "Asiyejua anabahatisha, na bahati inampa mawili matatu. Mimi ilinibidi nilitafute jibu kwanza, niwe na uhakika nalo, ndiyo nilikwepe. Swali la mwisho la hesabu lilikuwa gumu. Nililifanya mara tatu. Niliogopa nisije nikalipata kwa bahati mbaya, ukanigombeza."

Nilikaa palepale kwenye matope. Mara tatu, mwanangu! Mtoto wa miaka kumi na mitatu, amekaa peke yake kwenye dawati, anatumia akili yote aliyopewa na Mungu ili amfurahishe mama mjinga. Nililia mpaka wanawake wengine wakaja kuuliza nani amekufa. Zaituni akanisubiri nimalize, ndoo iko kichwani. Halafu akasema, "Twende, mama. Fundi anangoja maji."

Hajawahi kunilaumu mpaka leo. Afadhali angenilaumu. Watoto wa mtaa mzima huja kwake wakiwa na madaftari, anawaelekeza huku mikono yake inanuka dagaa, na wengi wao wamefaulu wamevuka. Mmoja ni mwalimu sasa. Alikuja likizo akamletea kitenge, akamwita "mwalimu wangu" mbele ya watu. Zaituni alikipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu.

Kwa hiyo sikiliza ninachokwambia. Sitakudanganya kwamba shule zetu zimekuwa peponi. Bweni lipo, lakini vitanda havitoshi, wengine wanalala wawili wawili. Mwalimu wa sayansi mnamngoja mpaka mnachoka. Kiingereza bado kinawaangusha walewale waliokuwa wa kwanza. Na wanaume wasio na haya bado wapo njiani. Hofu yako ina sababu, nami sikuambii uitupe. Nakuambia uipeleke panapohusika. Jumamosi kuna kikao cha wazazi. Vaa, nenda, simama. Uliza matroni analala wapi, uliza mlango wa bweni unafungwa na nani, uliza mwalimu wa hesabu anakuja lini, na wakikujibu jibu la kukutuliza, uliza tena mwezi unaofuata. Ukitetemeka, tetemeka ukiwa umesimama. Mimi nitakuwa kwenye benchi langu la kila kikao, na nikiona umekaa kabla hujajibiwa nitakufinya.

Lakini mtoto usimwambie. Hata kwa utani usimwambie. Utani wa mama kwa mtoto ni amri, hana namna ya kuupima. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kwa kuwa kidole kitavimba na kitapona, na la ulimi mimi naliona kila asubuhi, chanja ya pili kutoka yako. Ukishindwa kumlinda mtoto kwa yote, mlinde basi dhidi ya hofu yako mwenyewe. Na kama umeshamwambia, usingoje miaka minne kama mimi. Rudi nyumbani sasa hivi, mwite, mwambie mama alikosea.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu aifungue njia yako na ya uzao wako, akuepushe na majuto ya namna yangu. Siku ya mtihani ampe binti yako mkono mtulivu na moyo usiomwogopa mama yake, aandike anachokijua. Amina.