Maua ya Miiba Chini ya Dirisha

Miaka ile ya vita, pale Nyamitaba, sikumwamini mtu, na niliyemshuku kuliko wote ni jirani yangu mwenye duka. Alikuwa mwanamke wa Butembo, Mkatoliki asiyekosa misa, na mumewe alishinda safarini na mizigo. Siku tulipokimbia sote kuelekea Sake, yeye alibaki. Tuliporudi tulikuta nyumba zetu zimekombwa hadi sufuria, lakini mlango wa duka lake ulikuwa na kufuli lake vilevile. Nikajiuliza amepatana nini na wenye bunduki. Niliwauliza na wengine, tena bila kushusha sauti.

Kisha akapanda maua ya miiba chini ya dirisha lake, yale madogo mekundu ambayo watu wa kanisa huyaita taji la Yesu. Ukivunja tawi, linatoka utomvu mweupe. Nani anapanda maua wakati wa vita? Mimi nilikuwa nahangaikia mbegu. Nilikuwa na kikapu kimoja cha maharage ya kupanda, na panya walikuwa wamejaa nyumbani. Kuku wangu wa pekee nilimtoa ili nipewe paka. Paka huyo akifa, panya wangemaliza mbegu, na wanangu wawili wa kike wasingekuwa na cha kula msimu ule.

Asubuhi moja paka alirudi akitokwa na mate, jicho moja limevimba na kufumba, utomvu umemkaukia puani. Alijigonga kwenye kikapu kama mlevi. Nikambeba hadi dukani nikiwa nimewaka kwa hasira.

"Mama, maua yako njo imeharibu paka yangu," nikamwambia. "Unapanda sumu karibu na manyumba ya bantu."

Alikuwa ananyonyesha. Hakubisha hata kidogo.

"Ni kweli, maziwa ya ile maua iko mubaya, inaunguza macho. Leta paka hapa."

Akamtoa mtoto kwenye titi, akakamulia maziwa yake mwenyewe kwenye jicho la paka wangu, tone kwa tone, mimi nimemshika miguu. Dawa hiyo naijua; kwetu mama humfanyia mtoto aliyeingiwa na utomvu machoni. Lakini kumfanyia paka, tena paka wa mtu anayekusengenya kijiji kizima, sikuwahi kuona. Hata hapo nilikuwa bado natafuta hila yake.

"Sasa ulipanda ya nini, kama ulijua iko mubaya?"

Alimfuta paka uso kwa pindo la kitenge, bila kuniangalia.

"Mulango iko na kufuli," akasema. "Bale bantu balipita mu dirisha."

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Nilikuwa nimelitazama kufuli tu, sikuwaza dirisha ambalo wale watu wenye bunduki walipitia kumfikia, na nililosema juu yake nilikuwa nimelisema kwa watu wengi. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha. Mtoto alirudi kunyonya, na paka akalala mapajani mwangu.

Maua yale ni mabaya kwa paka, mtu asidanganywe. Jicho lilipona baada ya siku nne, lakini sikumruhusu tena paka kutoka nje. Nilimfungia na maharage yangu, kwa sababu siku ile ile niliomba matawi, nikayapanda chini ya dirisha la wasichana wangu.