Gesi Mpya, Oili ya Zamani

Fundi Laurian wa Mabawe alikuwa na mikono mizuri, ila kuambiwa hakukubali. Kiangazi cha mwaka tisini na sita parokia ilimletea gari lake kuukuu la kubebea wagonjwa. Malori ya misaada yalitimua vumbi mchana kutwa kwenda kambi ya wakimbizi. Ukifungua dirisha mgonjwa anakohoa, ukifunga anachemka. Kiyoyozi kilikuwa hakitoi baridi tena, na gesi ya zamani iliyolifaa gari hilo iliadimika hata Mwanza. Iliyopatikana ni ile mpya.

Nshimiyimana, mkimbizi aliyekuwa fundi majokofu kwao Rwanda, alikuwa kibarua wake pale gereji. Alimwambia kwa adabu kwamba gesi mpya haipatani na oili ya zamani. Oili haitazunguka, kompresa inayosukuma gesi itakauka, itakwama. Oili hiyo imwagwe kwanza, mabomba yasafishwe, wasubiri oili inayofaa kutoka Mwanza, hata kama ni wiki nzima.

Laurian alikuwa na donge rohoni. Wakimbizi walikuwa wamemaliza miti yake yote kwa kuni, na leo mmoja wao anataka kumfundisha kazi! Alimjibu kwamba yeye alishika spana Nshimiyimana hajazaliwa, akamfukuza arudi kambini. Kisha akajaza gesi mpya juu ya oili ile ile. Kiyoyozi kikatoa baridi safi, na Laurian akatamba wiki mbili.

Wiki ya tatu gari lilikwenda kumchukua Josiane, mke wa Nshimiyimana. Uchungu ulikuwa umemshika na damu inamtoka. Njiani kwenda hospitali kompresa ikakwama. Kwenye gari lile mkanda mmoja ndio uliozungusha kompresa na pampu ya maji, basi mkanda ukaungua, ukakatika, injini ikachemka. Dereva hakuwa na mkanda mwingine. Alisimama juani kwa muda wa saa tatu akipungia malori. Liliposimama moja, Josiane alikuwa ameshakata roho, na mtoto tumboni.

Baada ya mazishi Laurian alikwenda kambini kusema ukweli. Njia nzima aliapa kwamba atasema. Nshimiyimana alimpa kigoda, akamuuliza jambo moja tu.

"Mzee, ile oili uliimwaga?"

Laurian alimtazama yule kijana aliyevimba macho kwa kulia, na ujasiri wote ukamwishia.

"Niliimwaga, mwanangu."

"Basi ni kazi ya Mungu," alisema Nshimiyimana, akamshukuru kwa kuja kumpa pole.

Desemba wakimbizi waliamriwa kurudi kwao. Siku mbili Laurian alisimama kando ya barabara ya kwenda mpakani Rusumo akikagua nyuso, maana safari hii alikuwa tayari kusema. Watu walikuwa wengi mno, hakumwona. Baadaye aliungama, padri akamwondolea dhambi, lakini moyo wake haukupona. Nshimiyimana alikuwa ng'ambo huko, akiamini kwamba Mungu ndiye aliyemuua Josiane.