Bwana Tulia na Mchanga Usiotulia

Hospitalini walimwita Bwana Tulia, kwa sababu kutwa nzima aliwaambia wagonjwa waliolala kwenye mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, "Tulia, usitikisike." Yeye mwenyewe kutulia hakukujua. Mkewe alisema ameolewa na feni.

Jumamosi moja shemeji yake, mwalimu wa fizikia chuoni, alileta bomba la plastiki lenye mchanga. Alitaka kuona punje zinavyosukumana ndani zikiteremka, na mashine alikuwa ameazimwa mchana huo tu.

"Shemeji, leo tukikosa, utafiti wangu wote umekwenda na maji."

"Mchanga tu? Huu hata haulalamikii sindano," akajibu Bwana Tulia, akizunguka chumba.

Wakaumwaga mchanga ndani ya bomba, wakapiga picha. Kwenye kompyuta mchanga ulikuwa tuli, kama haujawahi kumwagwa. Wakarudia, yale yale. Shemeji akakaa chini, akashika kichwa. Bwana Tulia akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena, jasho likimtoka. Ghafla akasimama.

"Usinipige, shemeji. Nimeiacha programu kwenye ile kazi ya kufuta mitikisiko ya wagonjwa. Ndivyo mkono ulivyozoea."

"Yaani mimi nautafuta mtikisiko, wewe unaufuta!"

Bwana Tulia akaizima kazi ile, wakamwaga upya. Safari hii punje zilionekana zikipigana vikumbo kama watoto kengele ya kutoka ikilia. Shemeji akacheka mpaka machozi. Alipogeuka kumshukuru, Bwana Tulia alishalikumbatia bomba.

"Tumwage tena?"