Upande wa Ndani wa Minyaa

Tulipokuwa tunajiandaa kuhamia ng'ambo, mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kuvunia katika shamba la ngano la serikali, Hanang. Mtaalamu mmoja Mzungu alimtafutia kazi kwao, aende na familia. Watoto wetu wawili walikulia kwenye kambi ya shamba, wakicheza na watoto wa wataalamu. Walivaa soksi hata jua likiwaka, na walikuwa wamesahau kuamkia watu.

Ndiyo maana niliwapeleka Maretadu kwa mama mkwe, wakaage na wajifunze adabu za kwao. Mimi mwenyewe ni binti wa wafugaji wa Gendabi. Kwetu nyasi zikiisha tunahama, na sijawahi kulala mahali bila kufikiria njia ya kutokea.

"Huko mnakokwenda," mama mkwe alimuuliza binti yangu, "ukikutana na mzee unamwambiaje?"

"Namwambia helo, bibi."

"Heloo? Unafukuza ndege mtamani?" Alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. "Hapa utasema shikamoo mpaka ulimi uchoke."

Siku chache baadaye mimba yangu changa ikatoka. Mama mkwe alinifunga tumbo, akaninywesha uji, kisha akasimama uani na kuwapigia majirani kelele wasije. Kwa Wairaqw wa zamani, watu wa kina mume wangu, mji uliopatwa na jambo kama hilo hujitenga. Kujitenga huko wanakuita metimani. Huvuki ua, huchoti maji kwenye chemchemi ya wenzako, ng'ombe wako hawachangamani na wa jirani, mpaka wazee waseme inatosha. Mama mkwe hakukosa kanisani hata Jumapili moja, lakini kwa hili hakumsikiliza padri.

"Mama, gari linakuja kutuchukua," nilimwambia.

"Lije. Litasimama njiani."

Watoto walichora ndege vumbini wakaketi ndani yake. Kila asubuhi binti yangu alifunga kamba za viatu, akakaa kwenye kigoda akisubiri.

"Mama, tumefungwa?"

"Hatujafungwa."

"Basi tutoke."

Ningeweza. Ua wa minyaa ulikuwa na uwazi ambao hata ndama alipita. Lakini sisi tungekuwa tumeshafika ng'ambo, na siku ng'ombe wa jirani akiharibu mimba, macho yote yangemgeukia mama mkwe. Nikawa nazunguka uani kama mnyama aliyefungwa kamba, nikijua kila jiwe.

Gari la shamba likaja. Mume wangu akashuka na koti lake jipya, akasimama nje ya minyaa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ishia hapo hapo. Ukivuka, nawe umo na sisi."

Dereva alipiga honi. Sote tulijua kazi ile haitangoja; mume wangu asipofika, atachukuliwa mwingine.

"Nenda," nilimwambia. "Ukifika utatuita."

"Na nisipoweza kuwaita?"

"Nenda tu, baba watoto. Mmoja wetu atoke."

Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshageuka, mkono uko kwenye mlango wa gari, binti yangu alipokimbilia kwenye ule uwazi. Hakuna aliyemtuma.

"Baba, shikamoo!"

Hakuwahi kumwamkia hivyo maishani mwake. Mume wangu aliachia mlango. Alimtazama mtoto, akamtazama mama yake, kisha akainama akapita katikati ya minyaa, koti likanasa na kuchanika begani.

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpiga. Nimezunguka mikoa mingi tangu siku hiyo, ila ng'ambo sikufika, na hadi leo sijui ningeanza na lipi.

Gari liligeuza, likashuka mlima. Mama mkwe alimpa mwanawe kigoda na kumwambia kuna dume la ng'ombe linachechemea, akaliangalie. Binti yangu aliketi chini kando ya baba yake, akaanza kufungua kamba za viatu.