Mwalimu Rudia na Mdomo wa Msusi

Ukitaka kujua wazazi wanaionaje shule ya msingi ya mtaa huu, usiende shuleni. Shuleni utaambiwa mambo shwari, karibu mgeni, tia sahihi hapa. Nenda saluni kwa Mkono Mwepesi, kaa kwenye benchi pale mlangoni, jifanye unasubiri zamu yako, halafu tega sikio. Mwanamke akishashikwa kichwa, mdomo unafunguka wenyewe. Sijui ulimi na nywele vimeunganishwa wapi.

Mkono Mwepesi ndiye msusi mwenyewe. Walimpa jina hilo kwa sababu vile vinywele vya kisogoni, vifupi, vinavyomtoa mtu machozi, yeye alivishika na kuvisuka hata usihisi. Mkono ulikuwa mwepesi, na mdomo nao haukuwa mzito. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja: kioo chenye ufa pembeni, viti viwili vya plastiki, kigoda cha anayesukwa, beseni la kuoshea, na harufu ya mafuta ya nywele isiyotoka hata dirisha likiwa wazi kutwa. Humo ndimo shule ilimoshtakiwa na kuhukumiwa kila Jumamosi, bila wakili.

"Shule gani ile? Choo hakina mlango, mtoto anajisitiri kwa sweta!"

"Heri choo. Darasani kwa wangu wamejaa mpaka madirishani, mwalimu hata sura yake haijui."

"Ataijuaje, na macho kutwa yako kwenye simu?"

"Yule wa darasa la tatu hana habari na simu," akadakia Mama Pacha. "Bora hata angekuwa nayo, watoto wapumue!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kila mtu alijua anayesemwa ni Mwalimu Rudia.

Huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, sauti ya kukwaruza kwa sababu ya vumbi la chaki. Jina watoto ndio waliompa. Mtoto akisoma vibaya, "Rudia." Akisoma vizuri lakini mwalimu akashuku kwamba amebahatisha, "Rudia." Hakuwa mpigaji, tuseme kweli ya Mungu. Lakini alama alizitoa kwa ubahili kama anazikata mwilini mwake, na kengele ya kwenda nyumbani ikilia, wale wasiojua kusoma aliwabakiza. Wenzao wakishafika kwao, wamekula na kutoka kucheza, wao bado wako pale ubaoni, wanarudia. Mwisho wa mwaka, aliyekuwa bado hajui, hakupanda darasa. Basi.

Na kati ya waliorudishwa alikuwemo Kitinda, kitinda mimba wa Mkono Mwepesi.

Hapo ndipo palipouma. Msusi alikuwa na watoto wanne, na watatu wakubwa shule iliwashinda mmoja baada ya mwingine. Yeye mwenyewe aliachia njiani akiwa mdogo, na mpaka leo akisoma anafuatisha kwa kidole. Kwa hiyo tumaini lote alilibwaga juu ya huyu wa mwisho. "Huyu atasoma," alikuwa akiwaambia wateja. "Atasoma mpaka anisomee na mimi." Sasa mtoto huyohuyo akarudishwa darasa, na mtaa mzima ukajua kabla yake. Jioni anarudi kachelewa, ana njaa, macho yamevimba. Mama wa mtoto gani asingechukia?

"Mwenzangu, mimi nisingekubali," alisema Mama Pacha, ameinamisha kichwa chake kikubwa kwenye mapaja ya msusi. "Mtoto anaonewa, nawe umekaa tu, unatusuka."

"Nifanye nini, dada?"

"Si mkutano wa wazazi unakuja? Na afisa elimu atakuwepo. Wewe ndiye Mungu kakupa mdomo. Simama useme. Sisi wote tuko nyuma yako."

Wengine wakaitikia, tuko nyuma yako, shoga, wala usitie shaka.

Mume wa msusi alikuwa fundi ujenzi, mtu wa maneno ya kuhesabu. Mkewe alipomweleza shauri la mkutano alikuwa anang'oa saruji kwenye kucha. Akasema, "Mbona mtoto siku hizi anasoma?"

"Anasoma wapi?"

"Juzi amenifuata kazini. Nikataka kuegemea ukuta, akanivuta shati: 'Baba, rangi mbichi.' Imeandikwa pale ukutani. Ameisoma."

"Aliinusa hiyo!" akasema Mkono Mwepesi, akaondoka zake. Mwanamume akarudi kwenye kucha zake, maana alikuwa amekwisha maliza maneno yake ya siku ile.

Siku ya mkutano wazazi walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mwalimu mkuu alihutubia mpaka watu wakasinzia. Kisha afisa elimu, mgeni mnene mwenye kitambaa cha kujifutia jasho, akasimama na kuuliza kama kuna mzazi mwenye maoni.

Wale simba wote wa saluni wakawa wanakagua kucha. Mmoja akamfunga mtoto kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Mama Pacha akampiga msusi kiwiko cha ubavu: "Simama, bwana wee!"

Mkono Mwepesi akasimama. Mwanzoni alisema chinichini, halafu akapata moto. Akasema watoto wanabakizwa na njaa zao. Akasema wanarudishwa darasa wakaaibike mbele ya wadogo zao. Watu wakaanza kuitikia, "Eee! Sema!" na unajua tena mtu mwenye mdomo akishaitikiwa. Angekaa hapo, asingekosa kitu. Hakukaa. Akamgeukia Mwalimu Rudia aliyekuwa amesimama ukutani na kipande cha chaki mkononi, akasema:

"Na tusimlaumu sana jamani, atajuaje uchungu wa mtoto? Huyu maisha yake hajawahi kunyonyesha hata paka!"

Lo! Darasa lilipasuka kwa vicheko. Watu walipiga madawati. Afisa mwenyewe alijificha kwenye kitambaa chake, mabega yanacheza. Mwalimu Rudia aliitazama ile chaki, akaiweka kwenye ukingo wa ubao polepole, akashusha mikono.

"Ni maoni ya wazazi wote haya?" akauliza afisa alipopata pumzi.

"Ndiyooo!" Sasa ndimi zilikuwepo.

Haukupita muda, Mwalimu Rudia akahamishwa, akapangiwa shule ya mbali, huko gari linakofika likijisikia. Mtaani msusi akawa shujaa. Wanawake walimpongeza barabarani, mwingine alimshika mkono kabisa akamwambia, "Wewe ni mwanamke na nusu." Naye kichwa kikavimba. Nani angekataa sifa za bure?

Jumamosi iliyofuata saluni imejaa, wanacheka, pazia likasogea, akaingia Mwalimu Rudia.

Alikuwa mteja, msishangae. Msusi wa kuaminika mtaani alikuwa mmoja tu, na kichwa cha mwalimu ni kichwa kama vingine. Akasalimia, akaketi kwenye kigoda, akafungua kitambaa. Nywele alikuwa amesukwa na Mkono Mwepesi huyohuyo, kabla ya mkutano.

"Naomba unifumue," alisema. "Ninakokwenda sijui kama nitapata mtu, na mwenyewe kisogoni sifiki."

Kicheko kilikatika. Halafu, astaghafiru, yakaanza mambo ya kutia kichefuchefu.

"Jamani mwalimu wetu!" Mama Pacha akalegeza sauti. "Tutakukumbuka, wallahi. Watu wa mtaa huu hawana shukrani. Mtu mmoja anainuka na mdomo wake, anatuharibia sote."

"Hata mimi siku ile niliumia sana," akasema yule wa choo hakina mlango.

Wakamtikisia mwalimu vichwa vya huruma, kisha mmoja baada ya mwingine wakakumbuka kwamba wameacha vyungu jikoni. Mkono Mwepesi akabaki na kitana mkononi. Hao ndio waliokuwa nyuma yake. Nyuma walikuwepo kweli, ila sasa alielewa walikuwa wanafanya nini huko nyuma.

Akafumua. Kazi ya kufumua haina haraka. Unachokonoa fundo, unalegeza, unashuka. Walibaki wawili tu, na kwenye kioo kila mmoja alikwepa macho ya mwenzake. Mwalimu ndiye aliyeanza.

"Kitinda amefunguka," alisema. "Maneno mafupi anayasoma mwenyewe, habahatishi tena. Yenye herufi zilizobanana ndiyo bado anayaruka. Alibakiza kidogo tu avuke. Usimwache apoe, mama. Mtoto wa namna hiyo akipoa, kumpasha tena ni kazi."

Msusi akaacha kufumua. "Mwalimu, yale maneno yangu ya mkutanoni..."

"Ulisema sina mtoto. Ni kweli, sina. Ndiyo maana nilikuwa na nafasi ya kubaki na wako."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililommaliza mwenzake. Angetukana, msusi angekuwa na la kujibu, maana kutukanana alikuweza. Alimaliza kufumua, akamchana, akampaka mafuta, na kwa mara ya kwanza akamwumiza mteja kisogoni. Mwalimu akafunga kitambaa chake, akaaga, akatoka. Mkono Mwepesi akakaa kwenye kigoda kile kilichokuwa bado na joto, akajionea aibu.

Muhula mpya ulipofunguliwa, Mama Pacha akawahamisha pacha wake, akawapeleka shule ya kulipia, sare mpya, basi la njano linawachukua mlangoni. Kumbe shauri hilo alikuwa nalo muda mrefu.

"Shule ile imekwisha, shoga," alisema akijitazama kiooni. "Haina walimu."

"Si wewe uliyenisukuma nimseme aliyekuwepo?"

"Mimi?" Mama Pacha akageuka mzimamzima. "Aliyesimama alikuwa nani? Nilikushika ulimi nikaunyoosha?"

Na hapo alisema kweli.

Mwalimu mpya alikuwa kijana mtanashati, shati limenyooka, anacheka na kila mzazi. Kengele ikilia, wa kwanza getini ni yeye. Kila mtoto alipata alama nzuri, kila daftari lina vema nyekundu kila ukurasa. Wazazi walimpenda kufa. "Huyu sasa ndiye mwalimu," walisema saluni, "wangu alikuwa wa mwisho, leo anapata kumi na nane kwa ishirini!" Kitinda naye alipata kumi na nane. Alirudi mapema, ameshiba, anaimba.

Mkono Mwepesi akamwita siku moja, akamwekea mbele kopo la dawa ya nywele. "Nisomee hapa." Mtoto akaitazama picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu, akatabasamu, akasema bila kusita, "Mafuta mazuri ya kukuza nywele." Mama akalivuta kopo, akaweka kidole, akasoma herufi moja moja, jasho linamtoka: weka mbali na watoto.

"Tazama tena, mwanangu. Hili neno la kwanza."

"Mwalimu anasema nikishasema kwa sauti kubwa inatosha," Kitinda akasema, akakimbilia nje kucheza.

Siku ya kufunga shule msusi alifunga saluni, kitu ambacho hakuwa akifanya hata akiugua, akaenda. Alimkuta mwalimu kijana anafunga mkoba.

"Mwalimu, nakuomba. Mwanangu hajui kusoma. Usimpandishe. Mrudishe la tatu, au mbakize jioni, hata na njaa yake. Nitamletea chakula mwenyewe."

Kijana akamtazama kwa mshangao, kisha akacheka kwa adabu.

"Mama, haiwezekani. Tangu ule mkutano wenu hapa hakuna mtoto kubakizwa, hakuna kurudishwa. Ni agizo la afisa. Wazazi mlitoa maoni, mkasikilizwa." Akaning'iniza mkoba begani. "Tena nimeambiwa kuna mama mmoja aliongea siku hiyo, hatari! Wewe ulikuwepo?"

Mkono Mwepesi aligeuka akaondoka.

Kitinda alimkuta getini, akamrukia shingoni. "Mama, nimepanda! Niko la nne!" Akamshika mkono akawa anamvuta barabarani, anaruka, anapaza sauti kwa kila aliyekaa barazani. Walipofika karibu na nyumbani mtoto akainua uso, akaona mashavu ya mama yake yamelowa.

"Njooni mwone!" akawaita majirani. "Mama analia kwa furaha, nimefaulu!"

Wanawake wakatoka, wakapiga vigelegele, wakamkumbatia. Hongera, wakamwambia, hongera sana, na yote ni jasho lako.

"Asanteni," akajibu Mkono Mwepesi.