Siku Niliyomuua Bibi kwa Kiingereza

Loshoro ya Bibi, yale makande ya mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, ilinukia moshi wa mti ambao yeye peke yake aliujua. Kila asubuhi alikisugua kibuyu ndani kwa kijinga cha moto, akamimina maziwa ya kugandisha, na harufu ile ikatoka jikoni ikapita kwenye migomba hadi njiani, majirani wakajua kwamba Bibi Nderekwa ameamka. Nilikuwa kidato cha kwanza, nikiishi naye huko mlimani, juu ya kijiji cha Maji ya Chai. Nilikula vizuri, nililala vizuri, na nilichapwa mara chache kuliko nilivyostahili. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyoniletea matatizo mwaka ule: sikuwa na huzuni hata ya kuazima.

Huzuni ilitakiwa na Madam Ndeshi, mwalimu wetu wa Kiingereza, binti mgeni aliyependa maneno kama wenzake walivyopenda vitenge. Ijumaa moja aliyapanga ubaoni maneno ya huzuni ya Waingereza, jepesi juu na zito chini: sad, sorrow, misery, grief, na mwisho kabisa despair, akalipigia mistari miwili. Tulishangaa. Sisi tulioongea Kimeru nyumbani na kusoma kwa Kiswahili miaka saba tulidhani wenye Kiingereza ni watu wa raha tupu, kumbe huzuni yao ina ngazi. Akatuagiza tuandike palepale insha ya jambo la kweli lililotupata, maneno yote matano yawemo. Atakayewashinda wenzake angeisoma ya kwake mbele ya shule nzima. Nafasi hiyo niliitaka kwa roho yangu yote.

Nilianza na kuku wetu aliyebebwa na mwewe. Kwa sorrow alitosha, na kwa kujikaza akafika misery. Lakini grief iligoma, na despair, ambayo Madam alisema ni kukata tamaa kabisa, ilihitaji mtu. Nikatazama dirishani, nikajiuliza ni nani ninayempenda kuliko wote, nikamuua Bibi. Alikufa vizuri sana, ukurasa mzima, nami nikabaki kaburini nikilia kwa maneno matatu tofauti. Nilipokabidhi daftari nilijisikia mwandishi.

Jumatatu sikwenda shule. Kahawa ilikuwa imeiva na Bibi alihitaji mikono. Alasiri tulipokuwa tunachuma tulisikia nyimbo za msiba zikipanda njiani, Bibi akasikitika akiuliza ni nani tena. Kisha nikawaona. Mbele alikuwa Madam Ndeshi, kitenge kiunoni. Nyuma yake darasa zima, kila mmoja na gogo la kuni kichwani, maana ndivyo shule yetu ilivyokwenda kumpa pole mwenzao aliyefiwa. Na kwa kuwa huku kwetu msafara wa kuni haupiti bila watu kuuliza, akina mama wa njia nzima walikuwa wamejiunga, akiwemo jirani yetu Mama Elia na mkungu wake wa ndizi. Bibi akawapokea getini, kikapu cha kahawa mkononi.

"Shikamoo, mama," Madam alisema kwa sauti ya chini. "Tumekuja kumpa Neema pole. Samahani, wewe ni nani wake?"

"Marahaba. Mimi ni bibi yake."

"Bibi wa upande mwingine?"

"Bibi niko mmoja tu hapa. Karibuni."

Wimbo ukafia midomoni. Mama Elia alinitazama, akashika kichwa. "Mtoto huyu amemtabiria mwenzetu kifo!" Hapo aibu yote ilinitoka, ikaingia hofu. Niliamini kabisa kwamba nimemwita Mungu amchukue Bibi, tena kwa maandishi. Nikakimbilia jikoni nikaangua kilio ambacho hakikuwemo kwenye orodha ya Madam.

Bibi aliwakalisha wageni wote, akawagawia loshoro, na waombolezaji wakala kutoka mkononi mwa marehemu. Madam alipomweleza habari ya insha na kulitoa daftari langu, Bibi akaniita, akaniamuru niisome mbele yao nikiitafsiri. Nilipofika kwenye kukata tamaa kabisa, nikaanza kulia upya.

"Watu wangapi walikuja kunizika?" Bibi akauliza.

"Sikuandika."

"Na siku hiyo ng'ombe wangu alikamuliwa na nani?"

"Sikuandika, Bibi."

"Basi aliyekufa humo si mimi. Mimi siwezi kufa ng'ombe akabaki na kiwele kimejaa. Futa machozi."

Mama Elia ndiye aliyeanza kucheka, na Madam akafuata akiwa amejifunika uso. Mkungu ulirudi kwa mwenyewe, lakini kuni zilibaki, na tulizipikia hadi Krismasi. Madam alinipa alama za juu, kisha akazikata na kuniadhibu nimwagilie bustani ya shule wiki mbili. Hata hivyo, kwa mwezi mzima nilimfuata Bibi kila alikokwenda, nikihakikisha anapumua.

Leo mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza, mjini, na naishi mtaa wa Njiro, nyumba iliyozungushiwa ukuta. Tukifiwa tunatumiana picha ya mshumaa kwenye kundi la simu, na sijui kama jirani yangu ana bibi. Wanafunzi wangu huyapata maneno ya huzuni simuni, thelathini kwa mpigo, nami huwauliza ng'ombe alikamuliwa na nani, wakadhani nimechanganyikiwa. Bibi aliishi miaka mingi baada ya insha yangu. Kila nilipompigia alianza na swali lilelile: "Neema, umeniua tena?"

Mwaka jana alifariki. Nilifika asubuhi, na kabla ya kuongea na mtu nilichukua ndoo nikamkamua ng'ombe wake. Nilipotoka bandani nilimkuta Mama Elia, mzee sana sasa, amesimama nje ya geti na mkungu kichwani, hataki kuingia.

"Neema," akasema, "safari hii ni kweli?"

Nilicheka mpaka nikalia. "Ni kweli, mama," nikamjibu, na ndipo akaingia.