Aliyechoka Kurudi

Wanajeshi walipoanza kupora maduka ya katikati ya mji, mimi nilikuwa nimefungiwa ghorofani, juu ya duka la patron wangu, pamoja na mama yake mzazi. Patron alikuwa Mhindi muuza vitambaa, nami mpishi wake. Asubuhi alikuwa amekwenda mtaa wa Makomeno kutafuta gari la kutupeleka mpakani, akafunga mlango wa chuma kwa nje, eti kwa usalama wetu. Risasi zikalia, barabara zikafungwa, na ufunguo uko mfukoni mwake. Watoto wangu walikuwa nyumbani Ruashi peke yao. Nilimlaani patron kwa sauti, mama yake akinisikia.

Mama alikuwa mgonjwa wa moyo tangu zamani, na mchana ule pumzi ikaanza kumwishia. Kufa hakukumtisha. Kwa imani yao, mtu akifa huzaliwa tena na tena, kwa kadiri ya matendo yake, na wazo lake la mwisho ndilo linaloielekeza roho. Anayekata roho akimtaja Mungu, bila kung'ang'ania kitu kingine, huweza kufunguliwa asirudi tena. Miaka yote niliyompikia alikuwa akivuta shanga kila alfajiri, akirudia jina moja, akijizoeza kwa ajili ya siku hiyo.

“Miye nilishachoka kurudia mu dunia,” aliniambia. “Leo nataka kwisha.”

Mimi Mkatoliki nilizoea kuomba uzima wa milele, sikuwahi kumwelewa. Ila siku ile, nilivyokuwa nikitikisa vyuma vya dirisha kama mwendawazimu, nilimwelewa vizuri sana.

Kumtia mdomoni maji ya mto wao mtakatifu na jani la mrehani ilikuwa kazi ya mwanawe. Hakuwepo, basi nikamtia mimi. Kisha nikaanza kumtajia lile jina sikioni, vibaya vibaya, naye akinifuata. Chini vioo vikavunjika.

“Bale bantu beko navunja nini?” akaniuliza.

“Iko mvula tu, mama.”

“Mvula gani inavunja vioo? Iko duka ya mutoto yangu.”

“Mama, acha duka! Taja jina!”

Nilimkemea kama mtoto anayekataa dawa. Akacheka kidogo, akataja. Akataja tena. Nikafurahi, nikadhani tumefika. Mara akafumbua macho, akanishika mkono.

“Mutoto yangu alishakula?”

Akakata roho hapo hapo. Nilikasirika mpaka nikalia. Miaka yote ile ya shanga, akaiacha kwa ajili ya sahani ya wali!

Patron alifika jioni, shati limechanika. Dukani hakikubaki hata kipande cha kitambaa, wala hakukizungumzia. Alimtazama mama yake, halafu mimi.

“Alisema nini mwisho? Alitaja jina?”

Nilikuwa na hasira naye bado, lakini sikumjibu kwa hasira. Nilimwambia yale yale aliyoyasema mama yake.

Akapiga magoti, akaishika miguu yake.

“Siyakula, mama,” akamwambia. “Siyakula bado.”